Sikukuu za Watu wa Treni

Sikukuu ya Jamhuri iliyopita ilinikuta nyumbani kwangu Pipeline, hapa Nairobi, orofa ya tano, nikifua. Maji yalikuwa yamekuja, na huku kwetu maji yakija hakuna anayeuliza leo ni siku gani. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza gwaride. Chini barabarani maduka yalikuwa wazi yote, fundi wa kuchomelea alikuwa anatoa cheche, na wa mitumba alikuwa ameshatandika turubai. Msichana mdogo wa mlango wa pili aliniuliza kwa nini leo redio imejaa bendi ya polisi. Nikamwambia ni sikukuu. "Ya nini?" akauliza, na kabla sijamjibu alikuwa ameshashuka ngazi. Nikaendelea kusugua shuka, lakini akili ilikuwa imeshafika Makongeni, kwenye nyumba za reli nilikokulia.

Kama ulikulia upande ule mwishoni mwa miaka ya sabini, unajua kwamba sikukuu tuliitambua kwa sikio. Siku za kazi king'ora cha karakana ya reli kililia alfajiri, na mtaa mzima ukaamka nacho: majiko ya makaa yakapepewa nje ya milango, ndoo zikagongana kwenye foleni ya mfereji. Siku ya sikukuu king'ora kilinyamaza. Ulikuwa unafungua macho, unasikiliza, husikii kitu, unavuta blanketi tena. Baadaye ndipo harufu ilipoanza. Chapati wakati huo hazikuwa chakula cha Jumatano. Zilikuwa na siku zao, Krismasi, Pasaka, Madaraka na Jamhuri, na kufika saa nne mtaa mzima ulinuka unga unaokaangwa na vitunguu, na redio zilikuwa zimewekwa madirishani ili hata asiye na yake asikie hotuba.

Lakini mtaa wetu ulikuwa na baba wa aina mbili. Kulikuwa na baba wa karakana, ambao sikukuu ilikuwa yao kweli. Walinyoa ndevu mchana, wakakaa nje kwenye viti vya mbao na fulana nyeupe, wakabishana kuhusu mpira. Halafu kulikuwa na baba wa treni. Treni haijui Jamhuri. Baba yangu alikuwa gadi, yaani yule mtu anayekaa kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo na kuhakikisha kwamba kila kilichoondoka pamoja kinafika pamoja. Sikumbuki sikukuu hata moja ya utoto wangu aliyoimaliza nyumbani.

Aliyekuwa anamchukua ni kolboi. Huyu alitumwa na stesheni kuwaita watu wa treni majumbani mwao, kwa baiskeli, saa mbili kabla ya safari. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, lakini cheo ni cheo, na jina lake lilikuwa kolboi mpaka alipostaafu. Siku za kawaida tulimsalimia. Siku za sikukuu watoto wa treni tulikaa pembeni mwa barabara tukimvizia, na mmoja akiona ile baiskeli alipaza sauti: "Kolboi anakam! Fathe aambiwe!" Hapo ungeona wanaume wazima, wenye familia na vyeo, wakitokea milango ya nyuma kuelekea vyoo vya mstari wa pili. Kolboi alibisha, akaambiwa mwenye nyumba katoka, akaenda kwa anayefuata zamu. Alijua walipo. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumdanganya.

Baba yangu hakujificha hata siku moja, na mama hakumsamehe kwa hilo.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, nyanya alikuja kutoka magharibi siku chache kabla ya Jamhuri, wakati Nairobi yote inafunga mizigo kuelekea huko anakotoka yeye. Nyanya alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi, na alichokuja kutafuta alikisema siku ya kwanza tu kabla hajamaliza chai. Kijijini, kila mwenye mtoto mjini alimwona sikukuu ikifika. Mwalimu alirudi, karani alirudi, hata mpishi wa Wahindi alirudi na mkate mkononi. Mwanawe peke yake hakurudi. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba kazi isiyo na sikukuu ni ya mfungwa. Hawakuyasema mbele yake, lakini aliyasikia, na yalikuwa yamemkondesha. Alitaka kukaa na mwanawe mezani siku ya Jamhuri yenyewe, wale pamoja mpaka jioni, ili akirudi awe na la kuwajibu. Kesho yake angeondoka, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alijaribu. Alimwambia baba, mbele yetu sote, "Kesho kolboi akija wewe hauko. Nenda kanisani, nenda Shauri Moyo, nenda unakotaka."

"Nikikosekana ataingia kwa jirani," baba akasema. "Na Madaraka aliitwa yeye."

"Jirani mamake hayuko hapa."

Baba alikuwa na tabia ya kuacha neno lako likae mezani mpaka ulionee haya mwenyewe. Mama hakuona haya. Alikuwa amekasirika, na alilala akiwa amekasirika.

Kolboi alikuja asubuhi, chapati ya tatu ikiwa kwenye kikaango. Sisi watoto tulimwona tangu mbali na tukapiga kelele kama kawaida, lakini baba alikuwa amekaa mlangoni, miguu nje, akimngoja. "Gadi, mizigo ya Mombasa, saa saba," kolboi akasema, kisha akamwona nyanya na kuvua kofia. "Pole, mama."

Baba alivaa koti lake la vifungo, akachukua sanduku lake la bati, akala chapati moja amesimama. Kuku alikuwa bado anachemka. Nyanya alimtazama akila, akasema, "Hata kuku ninayetaka kumchinja, huwa namwacha ale kwanza." Ndilo neno kali pekee nililomsikia akimwambia mwanawe. Baba akainamisha kichwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Mama akarudi kwenye jiko na kuanza kulia, wala si kwa moshi. Nyanya hakulia. Alitoka nje, akamwendea yule jirani, ambaye alikuwa gadi pia na siku hiyo alikuwa amenusurika kuitwa, akamwuliza treni ya mwanawe inapita wapi. Jirani akamwonyesha: nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba, ambapo reli ilipita karibu na seng'enge. Treni za pwani zilipita pale taratibu, kwa kuwa zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka.

"Mama, haisimami," mama yangu akamwambia.

"Sijasema isimame," nyanya akasema. Lakini alikuwa ameshafunga chapati nne kwenye kitambaa safi.

Tulienda sote, na watoto wa jirani wakatufuata kwa sababu mahali popote penye chapati walifuata. Jua la Desemba lilikuwa kali. Ndege za jeshi zilipita juu yetu kwa kishindo zikitoka uwanjani, na watu wote mtaani wakainua nyuso. Nyanya hakuinua. Alikuwa ameshika seng'enge kwa mkono mmoja, anatazama reli.

Treni ilipofika, kwanza tulihisi ardhi. Injini ikapita, na nyanya akauliza, "Yuko wapi?" Mama akamwambia bado. Yakapita mabehewa ya mafuta, yakapita ya mizigo yaliyofungwa, na kwa kila moja nyanya aliuliza. Mama akamwambia yuko la mwisho.

"Mwanangu ndiye wa mwisho?"

Naukumbuka uso wake wakati anauliza. Alikuwa ameaibishwa. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa na neno zuri la kusema juu ya kazi ile, akanyoosha mgongo. "Ndiye anayewaangalia wote walio mbele," akasema. "Yeye asipokuwepo haiondoki."

Halafu behewa la mwisho likaja, na baba alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake, koti limefungwa mpaka shingoni, mkono umenyooka nje, na mkononi bendera ya kijani inapepea. Nyanya akaachia seng'enge. Akapiga vigelegele ambavyo sikujua kifua kidogo kama kile kinaweza kuvitoa, akavua kitambaa cha kichwa na kukipunga. Baba hakucheka wala hakupunga. Alibaki na bendera yake imenyooka mpaka treni ilipokata kona.

Chapati tulizila pale pale kwenye nyasi, zikiwa zimepoa. Nyanya alikula mbili.

Kila mtoto wa reli alijua bendera ile ni ya nini. Gadi humwonyesha dereva ya kijani kumwambia kwamba nyuma kuko salama, aendelee. Ni kazi tu, kama kengele ya shule. Lakini nyanya alirudi kijijini na habari nyingine. Alisema kwamba siku ya Jamhuri serikali ilimpa mwanawe bendera aishike, na watu wa Nairobi wakasimama. Alilisema hilo miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Mtu alipomwuliza kwa nini bendera ilikuwa ya kijani peke yake, alijibu bila kusita kwamba ile nyeusi na nyekundu ilikuwa imepelekwa uwanjani kwa wakubwa. Mara moja, nikiwa sekondari na kujiona najua, nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama alinitazama tu, nikaufunga. Hakuna aliyetaja tena habari za mfungwa.

Siku hizi treni za mizigo zina reli nyingine na kolboi hayuko. Mtu huitwa kwa simu, na simu huwezi kuikimbilia chooni. King'ora sijakisikia tangu sijui lini. Wale baba wa fulana nyeupe na wale wa milango ya nyuma, wengi wamezikwa huko makwao, na sikukuu imebaki kuwa jambo la redio.

Baba aliishi mpaka uzeeni. Baada ya kustaafu alikuwa na sikukuu zote, na alizikaa zote uani kwake kijijini, karibu na kaburi la mamake, kama mtu anayelipwa siku zake. Jamhuri moja nilimtembelea. Tulikuwa tunamenya maharagwe, nikamkumbusha kwa kicheko ile hadithi ya nyanya na bendera, jinsi alivyoipeleka mbali kuliko treni yenyewe.

Hakucheka. Alimenya ganda lile mpaka mwisho.

"Dereva nilimwonyesha kule stesheni," akasema, "na alinijibu kule kule. Kufika pale kwenye seng'enge sikuwa na wa kumwonyesha bendera."

Nikamwangalia. Akachukua ganda lingine.

"Nilimwona mama tangu mbali," akasema.

Nilitamani sana, siku hiyo, kumwambia nyanya kwamba alikuwa amesema kweli. Lakini yeye hakuwahi kuwa na shaka. Ni sisi tuliokuwa tunaijua kazi ya bendera.