Kitenge Nilichokifua

Sauti ilitoka nyuma ya shingo yangu. Ilikuwa ndogo, na ilikuja pamoja na pumzi ya moto kwenye ngozi, nami nilishtuka hata nikaangusha ndoo ya maji. "Mayo." Hilo ni neno la Kibemba la kumwita mama. Nilikuwa na miaka kumi. Nikatazama njia ya ufukweni, nikidhani mama amerudi kutoka Kisiwa cha Kilwa, kilicho ndani ya ziwa letu, na mtoto amemwona kabla yangu. Njia haikuwa na mama. Ndipo nilipoelewa kwamba mdogo wangu Chisenga, niliyembeba mgongoni, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu hakuwa ametamka neno lolote, alikuwa ametamka, na kwamba aliyeitwa ni mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tuliishi Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, katika nyumba ya udongo iliyonuka moshi wa samaki hadi ndani ya blanketi. Baba alikuwa mbali, kwenye migodi ya shaba. Mama, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambaye hajaacha Kiswahili cha huko hadi leo, alivuka kwenda kisiwani kununua samaki wakavu, na akaamua kwamba safari hiyo ndiyo itakayomwachisha Chisenga kunyonya. Wanawake wengi wa kwetu walifanya hivyo: mama huondoka, mtoto hubaki na ndugu, na wote wawili huzoea. Asubuhi ya safari alivua kitenge alichokuwa amejifunga kwa siku kadhaa, akanifungia nacho mtoto mgongoni. "Usikifue," aliniambia. "Mutoto akisikia harufu yangu, atalala." Kisha akamshika Chisenga shavu na kumsihi aseme kitu, kitu chochote, kama alivyofanya kila siku tangu majirani waanze kuuliza iwapo mtoto yule ana ulimi. "Akisema neno, Mwenya, uniwekee. Utaniambia vile alisema."

Nililiweka, lakini si kwa namna aliyotaka. Siku ile ya ndoo, wachuuzi wawili wapita njia walikuwa wamesimamisha baiskeli ili kukaza kamba za matenga yao ya samaki, nao walisikia. "Ee, mama mudogo!" mmoja aliita. "Bwana yako iko wapi?" Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Hana bwana. Mutoto huyu alimuvua na wavu!" Wakaondoka wakicheka, na mpaka leo naweza kueleza jinsi kicheko chao kilivyopungua kadiri baiskeli zilivyoingia mchangani. Chisenga aliita tena njiani, na tena mlangoni, kwa furaha ya mtu aliyegundua mkono wake. Mimi niliona aibu, na chini ya aibu hiyo nilihisi hofu: neno lile lilikuwa mali ya mama, nami nimelichukua. Nikafikiri, kwa umakini ninaojivunia hadi leo na ambao umenidhuru mara nyingi, kwamba kosa ni la kitenge. Mtoto alinusa mama na kuniona mimi, hivyo amechanganyikiwa. Kesho yake nilikifua ziwani kwa sabuni ya mche, nikakipiga juu ya jiwe mara tatu, nikakianika kwenye uchanja wa samaki.

Nilipomfungia tena, alikitafuta kwa pua. Alianzia bega la kushoto, akashuka kwenye pindo, akarudi juu, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Kisha akalia mpaka sauti ikakwama. Hakusema neno lile tena.

Juma hilo hilo surua iliingia ufukweni. Jirani yetu, Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, alimpeleka Chisenga zahanati, akarudi na dawa na agizo la kumpa maji. Upepo ulikuwa umefunga ziwa, na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka kutoka Kilwa. Alikufa mchana, mapajani mwa Bana Mwape, mimi nikiwa nimeshika mguu wake. Mama alifika siku mbili baada ya maziko, matiti yake yakiwa bado yamefungwa kwa kitambaa ili maziwa yakauke.

Hakulia kwanza. Aliomba kitenge, akajifunika nacho usoni, akavuta pumzi.

"Umekifua."

"Kilikuwa kichafu, mayo."

Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Alisema kitu?"

"Hapana," nilijibu.

Tangu siku hiyo, kila alipohesabu watoto wake mbele ya wageni, alimalizia, "na ule ambaye hakusema."

Sasa nina mvi, na nimerudi chuoni kusoma shahada ya juu kuhusu jinsi watoto wanavyoanza kusema. Wazazi wa siku hizi hunasa neno la kwanza kwa simu na kulituma kwa shangazi kabla mtoto hajafunga mdomo. Mimi huvaa visikizio na kujaza jedwali: neno gani, umri gani, limeelekezwa kwa nani. Juma lililopita nilisikia mtoto akiita karibu sana na kinasa sauti, pumzi yake ikigonga, na shingo yangu ikapata moto. Nilishindwa kujaza safu ya tatu. Ikiwa Chisenga aliita harufu, basi neno lilikuwa la mama, na nimemnyima kwa zaidi ya miaka arobaini. Ikiwa aliniita mimi, basi nilimjibu kwa sabuni. Nimelipima swali hili kila upande, na nimetambua kwamba kupima kwangu ni njia nyingine ya kunyamaza.

Nilitoka kwenye ukumbi wa chuo saa sita mchana nikampigia mama simu. Nilimweleza yote: ndoo, baiskeli, jiwe, idadi ya mara alizoita. Nilisikia kuku uani kwake, na pumzi yake.

"Sema vile alisema," akaniambia hatimaye.

"Mayo," nikasema.

"Hapana. Sema vile yeye alisema."

Nikasogeza simu karibu na midomo, nikapunguza sauti mpaka ikawa pumzi tupu, nikaita. Na mama, ambaye wakati huo hakuwa akizungumza nami bali na Chisenga, akaitika.

"Niko hapa, mutoto yangu. Niko hapa."