Pequi za Juu ya Mti

Dona Orozina, mpishi wa shule yetu ya Vereda do Couro, kaskazini mwa Minas, Brazili, alikuwa na mkono mtamu. Wali wake wa kuku na pequi, tunda la mbugani lenye mafuta, ulianza kunukia tangu njiani, hata mwenye haraka akapunguza mwendo. Ila wali huo aliupika nyumbani kwake tu. Shuleni halmashauri ilileta biskuti na juisi ya unga, naye kwa miaka kumi na tisa alilalamika: "Chakula kinaoza mbugani, sisi tunawapa watoto biskuti!"

Mwezi wa kumi na moja alitokea mtu wa kumsikiliza, binti afisa lishe aitwaye Keila.

"Dona Orozina, niletee kilo tano za pequi Alhamisi nizipeleke maabara. Zikionekana zina lishe nzuri, mwakani halmashauri itanunua kwenu."

"Alhamisi asubuhi na mapema, mwanangu! Tena za kompadre wangu, Seu Gumercindo. Hakuna pequi kama zake."

Gumercindo ndiye aliyembeba binti wa Orozina siku ya ubatizo, na miti yake ya pequi aliachiwa na baba yake.

Sasa, ndugu zangu, pequi haikwambii kwa rangi kama imeiva. Ikiwa changa ni ya kijani, ikikomaa ni ya kijani vilevile. Mti wenyewe ndio unaojua, ukiridhika unaiachia. Ndiyo maana sisi huokota, hatuangui. Mtoto akikutwa na upembo, ule ufito wa ndoana wa kuangulia, chini ya mpequi, mama yeyote ana ruhusa ya kumchapa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Alhamisi asubuhi Orozina alizunguka shamba zima la kompadre wake, akapata pequi saba chini. Juu matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Angeweza kusema, "Keila mwanangu, ningoje wiki mbili." Lakini alikwisha kujigamba mbele ya mwalimu mkuu na wazazi. Akakata upembo mrefu, akaangua hadi kilo tano zikatimia.

Majibu yalisomwa mwezi wa pili, shule ilipofunguliwa, ukumbi umejaa wazazi. Keila alisoma kwa sauti ndogo. Mafuta haba. Ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza vitamini ya macho, hafifu mno. Halmashauri imepanga bajeti yake: mwaka huu ni biskuti.

"Kumbe Seu Gumercindo anatulimia matango!" akapaza sauti Dona Zenaide, na watu wakacheka.

Gumercindo hakucheka. Aliizungusha kofia yake vidoleni. "Labda udongo umechoka," alisema. "Baba alinikataza kuchoma nyasi pale. Mimi nikachoma mara mbili. Labda ni mimi."

Orozina alikuwa akimimina kahawa. Aliposikia "labda ni mimi", kikombe kikajaa, kikafurika, naye akaendelea kumimina.

"Komadre, kahawa!" akasema Gumercindo.

Orozina akaliweka birika chini. "Udongo hauna kosa, kompadre. Niliangua."

"Uliangua nini?"

"Pequi zako. Kwa upembo. Chini zilikuwa saba tu."

Hakuna aliyecheka tena. Ingekuwa heri wangecheka.

"Kwa upembo," Gumercindo alirudia taratibu. "Wewe? Uliyemchapa mwanangu Juarez kwa kosa hilohilo?"

"Ndiyo mimi."

Keila akakunja karatasi. "Tunda likiangushwa kabla ya wakati huwa halijamaliza kujaza mafuta wala rangi. Lakini Dona Orozina, si ungeniambia tu hakuna?"

"Niliona aibu kusema hakuna," akajibu, akitazama sakafu. "Sasa aibu yenyewe ndiyo hii."

Gumercindo alivaa kofia. Mlangoni akageuka. "Za mwisho bado zinaanguka. Kesho asubuhi uje. Mikono mitupu."

Kesho yake Orozina akaenda. Waliokota pamoja mpaka jua likawa kali, mmoja upande huu wa mti, mwingine upande ule. Gumercindo alisema neno moja tu, "Hii imeliwa na panya," akaitupa. Kilo tano zilipotimia, Keila akazipeleka tena maabara.

Baada ya Pasaka majibu mapya yakaja. Mafuta tele, na rangi ya njano nyingi kiasi kwamba Keila alisoma mstari ule mara mbili. Mwakani zitanunuliwa. Watu wakampigia Gumercindo makofi, naye safari hii akatabasamu.

"Na Dona Orozina naye!" Zenaide akapaza sauti. "Bila yeye nani angepima?"

Makofi yakageukia jikoni. Orozina hakutoka. Mwaka ulikuwa bado mrefu, na maboksi ya biskuti yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani. Watoto walipopanga foleni alifungua moja, akawagawia biskuti mbilimbili, bila kumtazama hata mmoja usoni.