Kidonge Alichokataa Kuonja

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kushuku watu. Nilipokea kahawa kwenye chama cha msingi cha wakulima hapa Nyabiyonza, na mkulima akishusha gunia nilikuwa nazamisha mkono hadi begani kutafuta mawe na kahawa mbichi iliyofichwa chini. Punje niliyoitilia shaka niliing'ata. Walinisema nina roho mbaya, na haohao wakaniamkia shikamoo kwa adabu zote, maana kila mmoja alikumbuka siku niliyomkamata. Kazi nilistaafu. Mkono ule haukustaafu.

Nasema haya ili ieleweke nilivyokipokea kidonge.

Kizazi changu kilitolewa Mwanza kwa sababu ya saratani, nikatundikiwa dripu mpaka nywele zote zikaisha. Mwaka uliofuata saratani ikarudi, safari hii imehamia kwenye mapafu. Daktari, mpole kupita kiasi, akatuambia mimi na mwanangu kwamba sasa nitameza dawa kila siku nikiwa nyumbani. Dripu ilipiga kila kitu, alisema, lakini hii inalenga: inaiziba mishipa ya damu inayoupelekea uvimbe chakula. Nikamuuliza itajuaje ule ni uvimbe na huyu ni mimi. Akacheka kidogo, na sikupenda acheke. Kisha akatoa masharti: imezwe nzima bila kufunguliwa, siku isirukwe, presha ipimwe kila wiki, na mwanamke mwenye mimba asiishike kabisa. Nilitoka pale na jambo moja tu kichwani: kitu kisichofaa kushikwa, mimi nakimeza.

Tena tulipewa bure, kwa mpango maalumu wa wagonjwa. Hilo nalo lilinikosesha raha. Nani anampa bibi wa Karagwe dawa ya gharama vile bila kutaka kuona itamfanya nini? Nikasema moyoni, wanatujaribia. Na nywele zikaanza kuota, jambo lililonitia wasiwasi badala ya kunifurahisha. Jirani yangu, mwenzangu wa jumuiya ya kanisani, alinitazama kichwa, akatikisa chake.

"Waitu, ndugu yangu, dawa ya kansa haiachi nywele. Hicho kidonge cha kila siku, saa ileile, sisi si tunakijua?"

Alimaanisha Ukimwi. Mkoa wetu umezika watu wengi kwa ugonjwa ule, na mtu akionekana na kopo la vidonge hana haja ya kujieleza, wenzake wameshamaliza kumweleza.

Aliyenitunza ni mke wa mwanangu. Mwanangu anafundisha Songambele, huko Kyerwa, na huja mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa wawili tu. Mkamwana ni mtu wa Tanga. Alikuja Kayanga kumsaidia mjomba wake dukani, mwanangu akaenda kununua daftari, basi. Sikuwaficha kwamba nilitaka msichana wa kwetu.

Kwetu anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, au maji ya kunywa, ili uone kwamba hakuna sumu. Yeye hakulijua hilo. Alikuwa analeta uji, anauweka mezani, anaondoka zake. Na ulikuwa uji wa kwao, wenye pilipili manga na tangawizi, wakati ulimi wangu ulishaharibiwa na dawa na kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma. Niliumwaga kwenye migomba. Nadhani kuna aliyemnong'oneza, kwa sababu siku moja alipiga magoti, akanywa funda moja akinitazama, ndipo akanikabidhi kikombe. Tangu siku hiyo alionja kila alichonipa. Mtu mwingine angetulia. Mimi nikajiuliza ni nani amemfundisha, na kwa nini sasa.

Mwezi wa pili viganja na nyayo vilianza kuchubuka. Sikuweza kushika kisu cha kumenyea ndizi. Sauti ilikauka, presha ikapanda. Asubuhi moja saa mbili, saa yangu ya dawa, mkamwana aliniletea maji, akayaonja. Nikakitoa kidonge, nikakiweka kwenye kifuniko cha kopo, nikamsogezea.

"Na hiki nacho onja."

Alificha mikono nyuma. "Hicho siwezi, Mama."

"Uji unauweza, hiki kinakushinda?"

"Uji tunakunywa sote. Hicho ni chako peke yako."

"Basi kiguse tu na ulimi."

Alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Nisamehe, Mama. Nitume kingine chochote."

Mtu aliyeonja mpaka maji ya kuoshea mikono anakataa kitu kimoja tu, kilekile ninachokimeza kila siku. Mkono wangu wa magunia ulikuwa umeligusa jiwe.

Kuanzia siku hiyo nilikibana kidonge shavuni mbele yake, na akitoka nakitemea kwenye kiberiti kitupu. Siku tano. Siku ya nne viganja vikapoa, hamu ya kula ikarudi, nikamaliza sahani nzima ya ndizi na maharage. Nilitaka ushahidi gani tena? Kikohozi kilianza kurudi pia, nikausingizia moshi wa jikoni. Ukweli ni kwamba niliogopa mno. Niliogopa kuuawa na saratani na niliogopa kuuawa na dawa, na kila nilipokaa kufikiri nilishindwa kujua nikimbie upande gani.

Siku ya sita, Jumatano, mkamwana aliniaga kwamba anaenda Omurushaka kununua dagaa. Kwa dagaa, alivaa baibui lake zuri. Nikamwona akitoa kitu kabatini, palepale penye kopo la dawa zangu, akakifunga kwenye kitambaa na kukisukumia ndani ya mkoba. Nikaelewa yote. Vidonge vyangu anauza, na mimi ananiwekea vitu vingine.

Nikaita bodaboda, nikamwambia dereva aifuate pikipiki iliyombeba lakini asiikaribie.

"Bibi, kuna fumanizi?"

Nikamwambia aangalie barabara.

Pikipiki ya mbele haikwenda Omurushaka. Ilikata kona ya zahanati. Niliteremka mbali kidogo, nikatembea kwa nyayo zangu mbovu nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mbele za watu. Nje ya zahanati kulikuwa na benchi refu, limejaa wanawake wenye matumbo. Mkamwana alikuwa katikati yao. Kitambaa kilikuwa wazi mapajani, na ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya wajawazito.

Aliponiona aliifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mama, umekuja kupima presha?"

Angenisitiri kama ningekubali. "Nimekufuata wewe," nikasema.

Benchi zima likageuka kunitazama.

"Miezi mingapi?"

"Minne."

Mimba zake mbili za kwanza hazikufika minne. Ya pili ilipotoka niliwaambia wanawake wa jumuiya, sebuleni kwangu, kwamba mwanangu ameoa shamba lisiloshika mbegu. Mkamwana alikuwa jikoni akitupikia chai. Nilijipa moyo kwamba hakusikia.

"Mbona hamkuniambia?"

Alikunjakunja kitambaa. "Baba wa mtoto alisema tusikuambie. Alisema tusubiri mpaka tumbo lionekane lenyewe."

Mwanangu. Nilimbeba kwenye kizazi kilekile kilichobaki Mwanza, na alikuwa ananishuku mimi. Hapo ndipo sharti la mwisho la daktari liliponirudia, lote, kwa sauti yake ya upole. Tulilisikia wawili, tumeketi kiti na kiti. Mwanangu alisikia neno mimba akaenda kumlinda mkewe. Mimi nilisikia neno sumu, nikarudi nyumbani nalo, na asubuhi ile nikamwambia mjamzito akiguse kwa ulimi.

Wanawake walinisogezea nafasi, nikaketi. Niliona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu. Muuguzi alikuja kunipima presha, akauliza kama dawa nazimeza. Nikasema hapana, nikamtajia siku tano zote, mkamwana akisikia. Alishika mdomo. Tuliporudi alikaa nami mpaka alipoona nimemeza kweli.

Daktari nilimwambia nilipokwenda Mwanza, na safari hiyo hakucheka. Amenipunguzia kiasi cha dawa kwa ajili ya viganja, na picha ya mapafu tunaisubiri. Dawa yenyewe bado siiamini sawasawa. Nameza hivyohivyo.

Lakini ninaloliwaza zaidi ni asubuhi iliyofuata baada ya zahanati. Niliamka kabla ya mkamwana, nikafunga vitambaa viganjani, nikapika uji mwenyewe. Mwiko uliniuma vibaya. Nikatia pilipili manga na tangawizi kama anavyotia yeye. Nikamwita aketi kwenye kiti changu, nikanywa funda moja mbele yake, nikampa kikombe.

Alikipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, Mama. Hakunywa. Aliutazama uji, akanitazama mimi, na mkono mmoja ukashuka taratibu ukatua tumboni. Niliyajua yale macho, nimetazama nayo magunia ya watu miaka yangu yote.

Nikamwomba kikombe. Nikanywa funda la pili, kubwa, likaniunguza ulimi, nikamrudishia, nikangoja.