Sahihi ya Penseli kwenye Picha ya Mbuzi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikaingia mashimo ya dhahabu ya Macalder na sururu ya kuazima, na leo nina duka la kununua dhahabu Migori mjini. Nimeletewa shaba, nimeletewa risasi iliyopakwa dhahabu juu juu, na wote walioleta walirudi nayo. Kwa hivyo watu wakiuliza mtu kama mimi anajulia wapi picha za Mhispania, nawacheka tu.

Nilianzia Homa Bay, kwa mhandisi wa huko Uhispania aliyekuwa anauza vyombo vya nyumba arudi kwao. Mimi nilifuata friji. Ukutani nikaona mbuzi mweusi, mistari michache tu, lakini ukimtazama unasikia harufu yake. Mhandisi akanieleza: msanii wa kwao, mtu wa siku hizi hizi, alichora juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, jiwe likapakwa wino, likagandamizwa kwenye karatasi. Zikatoka sabini na tano. Kila moja akaiandikia namba na kuitia sahihi kwa penseli, kwa mkono wake.

Jiwe! Mimi ni mtu wa mawe. Friji nikaiacha, nikanunua mbuzi.

Baadaye nikafikisha saba, na kutoka Rodi Kopany hadi mpaka wa Tanzania hakukuwa na mwingine mwenye hata moja. Yule mbuzi, muuza picha mmoja wa Nairobi alishanipigia mara mbili akitaka kunipa laki mbili na sitini. Nikamwambia asubiri.

Jumapili moja kaka wa mke wangu, mwalimu, alikuja kula. Mezani walikuwepo pia wachimbaji wawili wanaoniuzia dhahabu.

"Yuora," shemeji akaniita kwa Kijaluo, yaani shemeji, "huyu mbuzi ulilipa ngapi?"

"Pesa ya mwanaume. Ona sahihi hapo chini."

"Sahihi gani? Hiyo imechapwa pamoja na picha. Hata mimi shuleni nitakutolea mia kwa fotokopi. Na wewe ndiye mjuzi wa dhahabu!"

Mke wangu akasema, "Mzee, achana naye, samaki anapoa."

Ningeachana naye. Lakini mchimbaji mmoja alimgeukia mwenzake akasema, wala hakupunguza sauti, "Kama anauziwa karatasi namna hii, dhahabu yetu huwa anaipimaje?"

Hapo basi. Katika biashara yetu, neno kama hilo likifika Macalder jioni, asubuhi duka halina mtu. Na sisi hatubishani kwa mdomo. Dhahabu unaisugua kwenye jiwe jeusi, unadondoshea asidi, kila mtu anaona. Kidogo kinapotea, hakuna anayelia.

Nikamtoa mbuzi kwenye fremu, nikamlaza mezani kati ya sahani. "Wino wa mashine haufutiki," nikawaambia. "Penseli inafutika. Leteni raba."

Nikasugua. Herufi ya kwanza ikaondoka, nikaona bado wanatazama kwa shaka, nikaendelea mpaka mwisho. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Imetoka!" wachimbaji wakapiga kelele.

"Ni ya mkono!" nami nikapiga meza. "Nani ameuziwa fotokopi?"

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimekubali, yuora. Ilikuwa ya kweli kabisa. Sasa chukua penseli uirudishe."

Sikuirudisha. Feki sijawahi kuuza, na sitaanza na mbuzi. Jumatatu wale wachimbaji walikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua, na wameleta wengine. Jumanne nikampigia yule wa Nairobi, nikamweleza yote.

Akasema, "Bila sahihi, mzee, nakupa arobaini na tano elfu."

Nikamuuzia. Wengine hulipa matangazo redioni ili waaminike. Mimi nilifanya kwa raba, mbele ya mashahidi, na najua bei yake hadi shilingi ya mwisho: laki mbili na elfu kumi na tano.