Nilisema Siumwi Siku ya Kupimwa Viungo

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msije mkamtafuta mwengine wa kumlaumu. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenilazimisha. Nilidanganya mie, nikajiharibia mgongo mbele ya watu, na watu wakanipigia makofi!

Mimi ni polisi, cheo koplo, kituo kimoja kaskazini ya Pemba. Nina miaka arubaini na tatu, mke na watoto wanne. Jina niacheni nalo.

Msimu wa karafuu uliopita nilichukua likizo nikaenda Kiuyu kumchumia mamaangu mikarafuu yake. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Tawi likakatika, nikaanguka kwa matako. Daktari wa zahanati akanibonyeza kiuno, akaniandikia karatasi: miezi mitatu nisiiname, nisinyanyue kitu kizito.

"Kazini wape hii," akaniambia. "Mgongo hauchezewi, bwana."

Wiki ya tano tukatangaziwa kupimwa. Kukimbia, pushapu, na kunyumbuka viungo. Hicho cha mwisho kinaonekana kitu kidogo: unakaa chini, miguu umeinyoosha, nyayo zimegota kwenye sanduku la mbao lenye rula juu yake, unainama mbele na kusukuma kibao kwa ncha za vidole. Mwenye karatasi ya daktari alikuwa anangojewa mpaka apone, hapungukiwi na chochote. Fomu yenyewe iliuliza: una maumivu ya mgongo? Nikatia alama kwenye "Hapana". Na karatasi ninayo, imo mfukoni mwa bukta!

Mtauliza kwa nini. Ni huu mdomo wangu. Pale kituoni mchekeshaji ni mimi, na asubuhi ile nilikuwa nimeshaianza kazi hiyo. Sajenti wetu, mtu mzima mwenye kitambi, alipoinama asifike hata kwenye sanduku, nikapiga kelele, "Yakhe, tumbo limefika kabla ya mikono! Mwandikieni tumbo!" Watu wakavunjika mbavu. Sajenti naye akacheka, lakini aliinuka akijipangusa vumbi bila kumtazama mtu.

"Haya," akasema, "na weye zamu yako yaja."

Sasa nitoe karatasi vipi baada ya hapo? Nilikwenda chooni nikameza vidonge vinne vya maumivu bila maji.

Mkufunzi aliyekuwa akitupima alikuwa mwanamke kijana kutoka Unguja. Aliniona ninavyokaa.

"Koplo, mbona unakaa kwa kujishikilia? Unaumwa?"

"Siumwi."

Akachutama karibu yangu, akateremsha sauti. "Kaka yangu, kama unaumwa sema. Nitakupima siku nyengine, wala hakuna atakayejua."

Ya Rabi! Mtu ananifungulia mlango namna ile!

"Afande, mie nimesema siumwi. Pima," nikamjibu, tena kwa ukali.

Nikainama. Kibao kikaenda, kikawapita wote waliopimwa asubuhi ile. Ndani ya kiuno kitu kikalia ta! Maumivu sikuyasikia kwa vile vidonge. Nilisikia baridi tu, imeshuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole gumba. Wenzangu wakapiga makofi. Nikanyanyua mikono juu, nacheka. Mjinga mie!

Jioni mguu haukuwa wangu tena. Niliufinya kwa kucha, sikusikia. Hospitali wakasema mshipa wa fahamu umebanwa vibaya, na kwamba ningengoja ile miezi mitatu huenda yasingenifika haya. Nikapasuliwa. Maumivu ya kiuno yakaondoka, ganzi ya mguu ikabaki.

Siku hizi nakaa kaunta naandika taarifa za watu waliopoteza vitambulisho. Msikitini nasali kwenye kiti, mwisho wa safu, kusujudu kwangu ni kuinamisha kichwa. Watu husema nina subira. Sina subira. Sina kitu chochote tu.

Kisha mamaangu akafariki.

Tulimzika Kiuyu alasiri. Kwetu mtoto wa kiume ndiye wa mwanzo kushuka kaburini kumpokea mamaake na kumlaza. Mjomba akaita, "Mwanawe yuko wapi? Ashuke." Nikavua viatu. Nikateremsha mguu mzima, ule mwengine ukafuata, ukakunjika. Nikaangukia ukingoni, udongo ukaporomoka ndani. Jeneza liko pale, watu wanangoja.

"Toka, mwanangu," mjomba akaniambia taratibu. "Toka, n'nakuomba. Atashuka huyu."

Akashuka mwanawe yeye. Mimi nikapewa pembe ya shuka nishike. Anapozikwa mwanamke shuka hutandazwa juu ya kaburi ili watu wasione. Basi na mimi sikuona! Nilisikia sauti zao huko chini: polepole, mgeuzeni, ubavu wa kulia. Sikujua ni wakati gani alifika chini. Niliendelea kushika pembe yangu mpaka mtu akaja kunibandua vidole kwenye shuka.

Sikulia. Matangani wakanisifu, "Mwanamme huyu, kapiga moyo konde." Wallahi sikupiga moyo konde. Sikusikia chochote, na mpaka leo nangoja nisikie.

Nilikuwa na mama mmoja, na kazi moja tu ya mwisho ya kumfanyia.

Basi wewe unayepimwa wiki hii na mgongo unakuuma, au goti, au moyo unakwenda mbio: sema! Toa karatasi yako. Unaogopa watakucheka? Watakucheka, sikufichi. Lakini niulizeni mimi niliyekuwa mkubwa wa wachekaji. Yule sajenti tulimcheka asubuhi, na ilipofika chai ya saa nne tulikuwa tumeshasahau.