Chumvi Aliyoimwaga Asenath

Asenath hajui nusu. Nesi alipomwambia presha yake imepanda na apunguze chumvi, alirudi nyumbani Shauri Moyo, akachukua pakiti nzima akaimwaga chooni. Kwake kupunguza ni kuacha. Kuanzia siku hiyo sukuma, maharagwe, hata mayai, vyote vilipikwa chapwa. Mdogo wake, Nafula, alipoonja na kufungua mdomo tu, alijibiwa kabla hajasema.

"Kama hutaki, hoteli ziko Gikomba."

Nafula akafunga mdomo. Alikuwa mwalimu wa fizikia kabla ya ugonjwa wa akili kumtoa darasani, ule wa kupaa wiki mbili bila usingizi, kisha kuanguka asitake hata kuoga. Kidonge cha lithiamu ndicho kilichomsimamisha. Huu ulikuwa mwaka wa nne anaishi kwa dada yake, akimsaidia kukunja mapazia ya mtumba anayouza katika soko la Gikomba.

Wiki ya tatu ya chakula chapwa, mikono ya Nafula ilianza kutetemeka. Akawa anapepesuka, ulimi mzito, anatapika. Asenath alitoka sokoni akamkuta ameshikilia ukuta karibu na mfereji, wanawake wamejaa na mitungi yao. Hakuuliza. Alimshika kidevu akamnusa mdomo mbele ya watu wote.

"Chang'aa umenywea kwa nani, mwalimu? Unataka kuniaibisha mtaa mzima?"

Wanawake walicheka. Fowsiya, jirani wa mlango wa pili, hakucheka. "Mama, huyu hanuki kitu. Huyu ni mgonjwa, tafuta gari."

Asenath alimfungia ndani, eti alale pombe imtoke. Asubuhi Nafula hakuweza kutaja jina lake.

Hospitalini, daktari aliyeitwa Kyule alipima damu, akauliza kama mgonjwa alikuwa amebadilisha chakula. "Chumvi je? Mwili ukikosa chumvi, figo hushikilia lithiamu badala ya kuitoa. Dawa ileile, kipimo kilekile, inageuka sumu."

Masikio ya Asenath yaliwaka moto. "Labda alipunguza," alisema. Labda! Mdomo ambao haujawahi kukosa neno ulipata hilo moja, tena la uongo. Walimtundikia Nafula dripu, na Asenath akauliza ni ya nini.

"Maji ya chumvi, mama," daktari alimjibu.

Siku ya nne Nafula alikuwa amekaa, macho safi. Asenath aliweka kikombe cha uji na kuanza kupayuka, maana kunyamaza kulimtisha.

"Hiyo dawa tuitupe. Kemikali ya wazungu imekaribia kukuua."

"Ya wazungu?" Nafula alicheka kidogo. "Dada, lithiamu ni ya zamani kuliko jua. Mwanzo kabisa hapakuwa na nyota hata moja. Ulimwengu wote ulikuwa moto, umebanana. Katika dakika chache zile, chembe zikagongana, zikashikana. Haidrojeni ilikuwapo, ikapikika heliamu kwa wingi, na lithiamu kama chembe mbili tatu za sukari kwenye sufuria ya uji. Kisha ulimwengu ukatanuka, ukapoa, jiko likazimika. Chuma na oksijeni vikangoja nyota zije kuvipika."

"Na wewe ulikuwa wapi, ukiangalia saa?"

"Nyota kongwe bado ziko. Watu wanapima mwanga wake wanajua ndani kuna nini. Si lithiamu yote ni ya wakati ule, nyingine ilitokea baadaye. Lakini kwenye kidonge changu iko kidogo ya mwanzo. Imekaa miaka yote hiyo bila kumdhuru mtu. Usiisingizie."

Asenath aliangalia sakafu. Kama dawa haina kosa, basi kosa lina mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwaga chumvi. Daktari aliponiuliza, nikakusukumia wewe."

"Najua. Kliniki waliniambia nisiache chumvi. Nilitaka kukuambia, ukanituma Gikomba."

"Si ungesema hata hivyo!"

"Kwa mdomo wako huo?" Nafula alisukuma uji kando. "Chumvi ulifanya bila kujua. Lakini kuninusa ulijua unachofanya. Wale wanawake mpaka leo wanajua mimi ni mlevi. Nitachotaje maji pale? Nekesa, binamu yetu, ameniambia niende kwake mtaa wa Lucky Summer, na naona nitaenda."

Asenath alifunika kikombe cha uji, akatoka.

Kesho yake, saa ya kwenda sokoni, alisimama kwenye foleni ya mfereji mikono mitupu.

"Nafula hakulewa," alisema kwa sauti ile ya kuuzia mapazia. "Chakula changu ndicho kilimlaza, na nilimfungia mlango akiwa mgonjwa."

"Si ni wewe ulisema chang'aa?" mmoja akamrushia.

"Nilisema uongo. Nichekeni mimi sasa."

Hakuna aliyecheka. Fowsiya aliinua mtungi wake, akauliza, "Anarudi lini?"

"Jumatatu wanamruhusu. Kurudi kwangu, hajasema."

Hakwenda Gikomba siku hiyo. Alielekea hospitalini, na njia nzima hakuweza kuamua aanze na neno gani.