Mpishi Mpelelezi wa Wifi Yangu

Wifi yangu anaandika hadithi za upelelezi. Mpelelezi wake si askari. Ni mama mpishi wa shughuli, anaitwa kupika kwenye harusi na misiba, na kila anakokwenda lazima kitu kiharibike: pete ya bibi harusi inaokotwa ndani ya pilau, mzee anaanguka baada ya kunywa togwa, keki inaibwa kabla ya kukatwa. Polisi wanashindwa. Mama anaonja mchuzi, ananusa mwiko, anauliza maswali kwa upole kama anayeuliza habari za watoto, na mwisho wa hadithi mwenye kosa anajulikana. Damu haimwagiki sana. Watu wanasoma huku wanakula.

Najua hivyo kwa sababu walikuwa wanasoma huku wanakula chakula changu. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi ya Singida Mjini. Wifi alianza kwa kutuma hadithi kwenye simu kila Ijumaa, baadaye akawa anazichapa kwenye vijitabu na kuviuza katika duka lake la daftari na kalamu. Ijumaa mchana mgahawa ulikuwa kimya kama kanisa. Mteja anapeleka tonge mdomoni bila kulitazama, macho yako kwenye simu. Nikipita na jagi la maji ya kunawa nasikia, "Aisee, huyu mama ni hatari!" Nageuka nikidhani ni mimi.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa ukurasa wa mwisho. Kila kijitabu kilimalizika na pishi la mama mpelelezi, na mapishi yale yalikuwa yangu. Kuku wa kienyeji anayechemshwa taratibu, kisha anaungwa kwa mafuta ya alizeti na vitunguu vingi, bila nyanya hata moja. Mlenda unaotiwa karanga mwishoni, moto ukiwa umeshapungua. Wifi alikuwa anakuja jikoni kwangu, anakaa kwenye kigoda, ananiuliza hiki na kile, nami namjibu kama unavyomjibu ndugu. Watu walipomsifia alisema, "Ni mawazo tu yanakuja." Mume wangu alikuwa na vijitabu vyote, amevipanga juu ya kabati la vyombo. Siku moja, nimempikia kuku huyo huyo, akala akalamba vidole, akasema, "Umepika kama kwenye kitabu cha dada."

Niliosha vyombo kwa kelele mpaka akatoka nje.

Basi ikafika sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wao wa mwisho aliyekuwa anaolewa, huko Mwankoko, nyumbani kwa mama mkwe. Mimi ndiye niliyekabidhiwa jiko. Wifi alikabidhiwa kipaza sauti. Tangu asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wenzangu, moshi machoni, wakati yeye yuko mbele chini ya turubai, amevaa gauni la kitenge lenye mabega makubwa, anapigwa picha na wasomaji wake. Binti mmoja alikuja mbio jikoni. Nikadhani anataka maji. Kumbe alitaka kujua kama ni kweli mimi ni wifi yake mwandishi, na kama naweza kumwombea sahihi.

Tulikuwa na sufuria kubwa nne za kuku. Wakati wa kupakua ulipofika, wageni wa upande wa bwana harusi wameshakaa, nikafunua turubai tulilofunikia chakula nikakuta sufuria tatu. Nikazunguka nyuma ya mafiga, nikatazama kwenye banda la kuni, hakuna. Nikaenda mwenyewe mpaka mbele nikamnong'oneza mwenyekiti wa kamati: "Baba, sufuria moja ya kuku haionekani."

Alikuwa mtu wa sauti kubwa. "Haionekani vipi? Ina miguu?"

Kufumba na kufumbua habari ikaenea. Na hapo, kabla hata sijarudi jikoni, nikasikia mtu anasema, "Si tunaye mpelelezi hapa hapa?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wifi akakataa kidogo, kwa namna ya mtu anayetaka kuombwa tena. Wakamwomba tena. Akaweka kipaza sauti mezani, akaja nyuma ya nyumba, na nusu ya wageni nyuma yake.

Nilisimama pembeni na mwiko wangu. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Alichuchumaa akatazama mahali sufuria ilipokuwa, akauliza nani alikuwa zamu ya moto, nani alikwenda kisimani. Sauti ilikuwa ile ile ya vitabu vyake, ya upole. Watu walikuwa wanamwangalia jinsi ambavyo mimi sijawahi kuangaliwa hata siku moja, na nimepika tangu nikiwa msichana.

Wakati yeye anauliza, mimi nilikuwa namtazama mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa stoo, khanga mbili mabegani, ameegemea mlango. Wakwe zake walipofika hakuinuka kwenda kuwapokea, aliwapokea pale pale akisema goti linamsumbua. Mama yangu mkwe, ambaye kwa wageni hutoka mpaka barabarani! Tena mapema alikuwa ameniomba makaa kwenye jiko dogo, eti achome mahindi. Nilimpelekea mwenyewe. Na sasa hapakuwa na hindi wala gunzi, jiko lenyewe silioni, na juani pale yeye uso unamtoka jasho, na kwenye ufa wa mlango nyuma yake kulikuwa na harufu ninayoijua kuliko jina langu.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kaka zake mama mkwe, wajomba wa bibi harusi, walikuwa bado njiani kutoka Rungwa. Walikuwa wamepiga simu kwamba basi limeharibika kabla ya Itigi. Kwenye harusi ya mtoto wa kwanza walichelewa vivyo hivyo, wakakuta wali mkavu na mifupa, na mama mkwe hakuwahi kuisahau aibu ile. Safari hii alikuwa amewawekea chakula chao, kikiwa cha moto. Ila hakuweza kulisema hilo mbele ya wakwe. Mwenye shughuli kuficha nyama wakati wageni wanasubiri sahani, hilo lingezungumzwa mpaka wajukuu wazeeke.

Kwa hiyo nilijua, na wifi hakujua. Utamu wa kujua huko niliuhisi mpaka kwenye meno. Nikasema moyoni, acha aendelee. Acha atafute mbele za watu, ashindwe mbele za watu.

Akaendelea. Akamfikia mama mmoja jirani, mjane, aliyekuja kutusaidia kuosha vyombo.

"Mama, nimeambiwa ulitoka na ndoo. Ilikuwa na nini?"

"Maganda ya viazi. Ya nguruwe wangu."

"Na uliifunika?"

"Nzi, mwanangu."

Watu wakacheka. Wifi hakucheka, ila hakuwanyamazisha. Akauliza tena, "Ilikuwa nzito?" Yule mama akatazama huku na huku, akashika ncha ya khanga yake akajifuta macho. "Twendeni kwangu," akasema. "Twendeni wote mkatazame. Twendeni tu."

Nilimwangalia mama mkwe. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa. Nikaona anataka kusimama.

"Sufuria nimeiweka mimi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Nimeitenga kwa ajili ya wajomba wanaotoka Rungwa. Iko stoo. Kazi zilikuwa nyingi, nikasahau kusema."

Mwenyekiti akaweka mikono kichwani. "Ah, mama! Unatusumbua watu wazima hivi kwa kusahau?" Wakacheka tena, sasa wananicheka mimi. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasema afadhali hajaniachia mtoto wake nimlee. Nilimshika yule mjane mkono nikamwomba msamaha, naye akanijibu hamna neno, lakini hakunitazama.

Wifi alikuwa ananitazama. Alijua. Niliona kabisa macho yake yanahesabu: ni mimi niliyekwenda kwa mwenyekiti kusema sufuria haionekani, sasa inakuwaje niwe nimeiweka mwenyewe? Akageuza macho taratibu mpaka kwenye mlango wa stoo, kwa mama yake, akayarudisha kwangu. Kisha akatabasamu, akainua mikono kwa wageni akasema, "Basi, kesi imefungwa! Twendeni tukale!"

Wakampigia makofi. Yeye! Nilisimama pale na mwiko, na mwili wote unawaka.

Wajomba walifika jua likiwa limeinama, wamejaa vumbi, na ndoo mbili za asali. Walikula kuku wa moto. Mama mkwe aliwapakulia mwenyewe, goti limepona. Nilipokuwa nakusanya vyombo alinivuta stoo, akaniwekea firigisi kwenye kiganja. Kwao firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Akasema kwa Kinyaturu maneno machache ya shukrani, akanishikilia mpaka nilipomaliza kuitafuna.

Wiki iliyofuata wifi alikuja mgahawani. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Wifi, nilijua si wewe. Nilijua ni mama. Lakini nilijua baada yako. Wewe uliona nini?"

"Vitunguu hivi havijakatwa," nikamwambia.

Akavua saa, akakata vitunguu. Alivikata vibaya, vipande vinene, machozi yanamtoka, hakulalamika. Alipomaliza nikamwambia, ila kwa sharti asiiandike. Nilimweleza makaa, mahindi, goti, ufa wa mlango. Alisikiliza mdomo wazi. Halafu akasema, "Yule mama wa ndoo nilimwonea. Nimekwenda kwake jana kumwomba radhi." Hilo nalo likaniuma, maana nilikuwa nimeliweka tayari kumwambia.

Ahadi ameitimiza. Ijumaa nyingi zimepita, nami hufungua simu ya mume wangu kabla yake, natafuta sufuria ya kuku, natafuta stoo. Hakuna. Ameandika za samaki wa Kindai, ameandika za chai ya msibani, na watu wanazisifia, lakini ile nzuri kuliko zote ameinyamazia kwa sababu nilimwambia anyamaze. Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake hata kwa uaminifu wake.

Mwisho nikaamua niiandike mwenyewe. Mama mkwe nilimwomba ruhusa, akacheka, akasema wakwe wameshatuzoea. Nikakaa na karatasi mchana mzima, nisijue pa kuanzia. Ikabidi nimpigie simu wifi nimwulize. Alifurahi mno. Alifunga duka, akaja, akavuta kiti karibu yangu, akaanza kunifundisha kwa sauti ile ya upole, vizuri kabisa, akieleza kila kitu hata mtoto angeelewa, na nikamwonea wivu upya.